Homa tuliyoisahau na dhana tuliyoibeba

Sifa njema zote ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu wasomaji wa ukurasa huu wa familia, tunaandika haya sisi wawili, mume na mke, kwa kalamu moja. Tumechelewa kuyaandika kwa sababu sehemu yake ni msiba na sehemu yake ni aibu yetu wenyewe. Msiba tumeustahimili, na malipo ya subira tunayataraji kwa Mola wetu. Aibu tumeona tuitoe hadharani, huenda nyumba nyingine ikasalimika.

Ijumaa moja, baada ya sala ya Alasiri, mtoto wetu wa kiume mwenye umri wa miaka 16 alikwenda kucheza mpira katika uwanja wa shule ulio nyuma ya mtaa wetu. Alikuwa kijana mrefu, mwenye afya kwa kila aliyemtazama, na alikwisha kuhifadhi juzuu 7 kwa maalimu wake. Wenzake wanasimulia kwamba alikuwa akiukimbilia mpira peke yake, hakuna aliyemgusa, mara akapunguza mbio, akashika kifua, akaanguka kifudifudi. Wakadhani anatania. Walipomgeuza, macho yalikuwa wazi lakini hayamwoni mtu. Walimpakia katika bajaji na kumfikisha hospitalini kabla ya Maghribi. Daktari wa zamu akatuambia kwamba mtoto alifika akiwa ameshafariki. Tukaleta istirjaa, maana hatukuwa na neno lingine.

Nyumba ilijaa watu usiku ule. Wanaume walikaa barazani kupanga mazishi ya asubuhi, wanawake wakakaa uani. Daktari alikuwa ametuomba jambo moja kabla hatujaondoka hospitalini. Alisema kifo cha ghafla cha kijana asiyekuwa na ugonjwa unaojulikana si jambo la kupita hivi hivi, na angependa maiti ichunguzwe ili sababu ijulikane. Wazee wa ukoo walikataa papo hapo. Walisema maiti ya Muislamu ina heshima yake, kuzika kunaharakishwa, na kuuliza sababu ni kutilia shaka kadari ya Mwenyezi Mungu.

Uani, kwa upande mwingine, sababu ilikuwa imeshapatikana. Mtu mmoja aliuliza kwa sauti ya chini: mtoto alikula wapi mchana? Na jibu lilijulikana na wote. Baada ya sala ya Ijumaa alipita kwa shangazi yake, akala wali wa nazi na samaki, akanywa sharubati ya ukwaju. Shangazi huyu ni dada mkubwa wa baba wa marehemu, mjane, na Allah hakumjaalia mtoto. Kutoka hapo maneno hayakuhitaji msukumo. Mwanamke asiye na mtoto, mtoto wa mwenzie amekula kwake, na kabla jua halijatua amekufa. Wengine walisema sumu, wengine uchawi, na waliojiona wanyenyekevu zaidi walisema ni jicho la husuda tu.

Tunataka kuwa wakweli mbele ya Allah na mbele yenu. Sisi hatukulitamka neno hilo, lakini pia hatukulikanusha. Shangazi alipoleta sufuria la uji kwa ajili ya wafiwa, mmoja wetu aliashiria liwekwe kando, na halikuguswa hadi asubuhi. Alipokuja barazani kumpa kaka yake mkono wa pole, mwingine wetu aliutazama ule mkono kitambo kabla ya kuupokea. Waliokuwepo waliona, na walifahamu. Kwa vitendo hivyo viwili tuliwapa watu ruhusa ya kuendelea kusema.

Ilipofika karibu saa sita usiku alitujia chumbani. Hakulia. Alisema, "Kaka, nimeyasikia yanayosemwa uani. Mtoto huyu nimemlea kwa mikono yangu. Mkimzika kesho bila kupimwa, mtanizika na mimi pamoja naye, ila mimi nitakuwa hai. Waruhusuni madaktari." Kisha akageuka, "Na wewe wifi, kama una neno, niambie usoni." Hakukuwa na neno. Palikuwa na kimya tu, na kimya kile hadi leo kinatuuma.

Tulimtuma mtu kwa maalimu wa marehemu, akaja usiku ule ule. Alitusikiliza, kisha akatueleza kwa upole. Ni kweli kwamba Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuuheshimu mwili wa maiti kama tunavyouheshimu wa aliye hai, na haifai kuupasua kwa upuuzi wala kwa udadisi. Lakini wanazuoni wameliangalia jambo hili. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha kumi kilichofanyika Makka mwaka 1408 Hijria, sawa na 1987 Miladia, lilijuzisha uchunguzi wa maiti panapokuwa na haja ya kweli, kama vile kubainisha sababu ya kifo panapohofiwa jinai, au kuyajua maradhi ili walio hai wakingwe. Sharti ni kwamba usizidi kiasi cha haja, na viungo virejeshwe na kuzikwa.

Kisha akasema jambo ambalo hatutalisahau. Alisema, "Wanaowakataza msiulize sababu kwa kuwa ni kadari, mbona wao wana sababu tayari? Wanamtaja mwanamke Muislamu kwa mauaji. Kadari mnaiamini mkipima na msipopima. Lakini dhana mmekatazwa, na habari mmeamrishwa mzihakikishe. Mkarudie Sura ya Hujurat." Wazee walinung'unika, ila hakuna aliyemjibu.

Jumamosi asubuhi uchunguzi ulifanyika. Mwili ulirudishwa kwetu ukiwa umeshonwa vizuri na umefunikwa, ndugu zetu wakauosha na kuukafini, na baada ya Alasiri tukamswalia na kumzika. Tulichelewa kwa muda usiozidi siku moja. Daktari wa patholojia alitueleza kwa ufupi kwamba alichokiona kiko katika moyo, akatutaka turudi baada ya wiki 3 kwa maelezo kamili, na tuje na mtu anayeyajua maradhi ya utotoni ya marehemu.

Tulikwenda watatu. Shangazi alitaka kuja, na hatukuwa na uso wa kumkatalia.

Daktari alichora moyo katika karatasi. Alisema moyo unasukuma damu kwa mwili mzima, lakini wenyewe hulishwa na mishipa midogo inayouzunguka kwa nje, kama mizizi inavyokumbatia jiwe. Mishipa hiyo katika moyo wa mtoto wetu haikuwa kama inavyopaswa. Mahali pawili ilikuwa imetanuka na kutuna kama puto, kuta zake zimejaa makovu magumu, na katika moja ya matuta hayo palikuwa na damu iliyoganda, ya zamani na mpya, hata njia ikazibika. Kijana anapokimbia, moyo huhitaji damu zaidi. Siku ile damu haikufika, mapigo yakavurugika, na moyo ukasimama. Hakuona dalili yoyote ya sumu, na vipimo vya maabara navyo havikuonesha sumu. Makovu yale, alisema, hayakuwa ya siku moja wala ya mwaka mmoja.

Hapo akauliza, "Je, mtoto huyu alipokuwa mdogo aliwahi kupata homa ndefu, iliyokaa siku nyingi, macho yakawa mekundu?"

Sote wawili tulijibu kwamba hapana, isipokuwa malaria za kawaida. Sauti ikatoka kwa aliyeketi karibu na mlango. "Alipata. Alikuwa na miaka 3. Wifi alikuwa ndani katika arobaini ya mdogo wake, na kaka alikuwa safarini. Nilikuwa naye mimi." Akaendelea kueleza, taratibu, kama aliyekuwa akisubiri miaka mingi aulizwe. Homa ilikaa siku 9. Macho yalikuwa mekundu lakini hayatoi tongotongo. Midomo ilikauka ikapasuka, ulimi ukawa mwekundu wenye vinundu. Vipele vilimjaa kifuani na mgongoni, tezi ya upande mmoja wa shingo ikavimba, na viganja na nyayo vikavimba hata akakataa kutembea. Alimpeleka zahanati mara mbili. Mara ya kwanza walimpa dawa mseto ya malaria, mara ya pili wakasema ni surua. Homa ikaondoka yenyewe. Wiki moja baadaye, alipokuwa akimkata kucha, ngozi ya ncha za vidole ilikuwa ikibambuka kama ganda la kitunguu. Alituambia wakati ule. Tulimjibu kwamba ni joto la homa tu limeunguza ngozi, na maadamu mtoto anacheza, Alhamdulillahi.

Daktari aliweka kalamu chini. Alisema hawezi kuthibitisha kwa yakini ugonjwa wa miaka 13 iliyopita, ila maelezo yale na makovu yale vinaafikiana, na jina lake ni ugonjwa wa Kawasaki. Babu wa marehemu, tulipomweleza nyumbani, aliuliza pikipiki imeingiaje katika habari ya moyo. Si pikipiki. Ni jina la daktari wa watoto wa Kijapani, Tomisaku Kawasaki, aliyefariki mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 95.

Tangu siku ile tumejifunza mengi juu ya ugonjwa huu kwa daktari na kwa kusoma. Mwezi Januari 1961, katika hospitali moja ya Tokyo, daktari huyo alimwona mtoto wa miaka 4 mwenye dalili zilizofanana na hizo alizozieleza shangazi, na hakuweza kuziita kwa jina lolote la ugonjwa alioujua. Hakumsahau. Akaendelea kukusanya, mtoto mmoja baada ya mwingine, hata mwaka 1967 akachapisha habari za watoto 50. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba ni homa inayopona yenyewe bila kuacha athari. Kisha uchunguzi wa nchi nzima uliofanywa Japani mwaka 1970 ukafichua watoto 10 waliokuwa wameugua na kisha wakafa ghafla. Maiti zao zilipochunguzwa, mishipa inayoulisha moyo ilikutwa imevimba na kuziba.

Tunaposoma hayo tunawawaza wazazi wale wa Kijapani, waliokubali miili ya watoto wao wadogo ifunguliwe. Bila ya idhini za namna hiyo, pengine madaktari wa dunia wangeendelea kwa muda mrefu kuwaambia akina mama kwamba homa imeisha na mtoto amepona.

Chanzo cha ugonjwa hakijajulikana mpaka sasa. Kinachojulikana ni kwamba kinga ya mwili wa mtoto huamka kwa ukali kupita kiasi na kuleta mchochota, yaani kuvimba na kuwaka kwa ndani, katika kuta za mishipa ya damu, na hasa ile inayoulisha moyo. Wengi wanaougua ni watoto wa chini ya miaka 5, na wavulana ni wengi kuliko wasichana. Hauambukizwi kwa mtoto kumgusa mwenzake. Hauletwi na chakula cha mtu, wala na utasa wa mtu.

Na una tiba. Mtoto akitambuliwa mapema, hutiwa kwa dripu dawa iitwayo imunoglobulini, ambayo ni kingamwili zilizotolewa katika damu ya wachangiaji wengi, pamoja na aspirini kwa kipimo cha daktari. Tiba hiyo hutakiwa itolewe ndani ya siku 10 tangu homa ianze. Bila ya tiba, takriban mtoto 1 kati ya 4 hupata madhara katika mishipa ya moyo. Akitibiwa kwa wakati, hatari hiyo hushuka hadi karibu mtoto 1 kati ya 20. Dawa hiyo ni ghali na haipatikani kila hospitali, ndiyo maana kila siku inayopotea ina thamani.

Kwa hiyo tunawausia wazazi wenzetu mambo machache, si kwa elimu yetu bali kwa yaliyotupata.

Kwanza, hesabuni siku za homa. Iandikeni siku ya kwanza katika kadi ya kliniki au ukutani. Homa nyingi za watoto si ugonjwa huu, na kupima malaria kwanza ni sahihi. Lakini homa ikifika siku ya 5 na dawa hazijaishusha, msiridhike na jibu la awali. Rudini, na mtaje kwa mpangilio mlichokiona: macho mekundu yasiyotoa uchafu, midomo iliyopasuka na ulimi mwekundu, vipele, tezi ya shingo, viganja na nyayo zilizovimba au kubambuka. Dalili hizi aghalabu haziji zote kwa pamoja. Moja huondoka nyingine ikaja, na mzazi asipoieleza ile iliyopita, daktari hawezi kuijua. Ombeni mtoto aonwe na daktari wa watoto, na moyo wake utazamwe kwa kipimo cha mawimbi ya sauti kiitwacho eko. Wala msimpe mtoto mwenye homa aspirini kwa uamuzi wenu, kwani ina madhara yake.

Pili, mtoto au kijana anayelalamika kifua kubana akikimbia, au anayezirai katikati ya mchezo, asichekwe. Mtoto wetu alituambia mara mbili katika mwaka wake wa mwisho kwamba kifua kinambana akikimbia. Tulimwambia apunguze kula kabla ya mpira.

Tatu, msikilizeni anayekaa na mtoto. Awe shangazi, bibi, dada wa kazi au mwalimu wa chuo, yeye ndiye aliyeona. Sisi tulikuwa wazazi kwa jina katika zile siku 9, na aliyekuwa macho usiku ni yule tuliyekuja kumwogopa.

Nne, ulimi katika nyumba ya msiba ni amana. Tunajua kwamba sihri na jicho vimethibiti katika dini yetu, na hatuvikanushi. Lakini kuvithibitisha kwa ujumla si ruhusa ya kumnyooshea kidole mtu fulani kwa sababu alipika chakula siku fulani. Ushahidi wa mauaji haukusanywi uani kwa minong'ono.

Wako wanaotuuliza iwapo tunajilaumu kwa ile homa. Tumefundishwa tusijitie katika "lau ningelifanya hivi", kwa kuwa humfungulia shetani njia. Ajali ya mtoto wetu ilikuwa imeandikwa, na haikutangulia wala kuchelewa kwa saa moja. Hilo limetutuliza kwa upande wake. Lakini mtoto wenu aliye hai, anayelala leo na homa ya siku ya 6, hatuijui ajali yake wala nyinyi hamuijui. Kwake yeye tumeamrishwa tutafute sababu, na Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tujitibu. Tawakkul huja juu ya sababu hizo.

Kwa ile dhana, ndiyo, tunajilaumu. Tulipotoka kwa daktari siku ile hatukupanda gari moja kwa moja. Tulisimama chini ya mti nje ya hospitali, na kaka akamwomba dada yake msamaha, na wifi akamwomba wifi yake msamaha. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nimewasamehe kwa ajili ya Allah. Lakini yaliyosemwa mbele ya watu, yafuteni mbele ya watu." Alikuwa na haki. Katika khitma ya arobaini tulisimama na kuyaeleza yote mbele ya jamaa na majirani, tukitaja makosa yetu bila kutaja ya wengine. Baadhi walikwenda kumwomba radhi. Baadhi hawajaenda hadi leo, na wao tunamwachia Mola wao.

Mdogo wa marehemu, yule aliyekuwa kichanga cha siku chache wakati wa homa ile, amepelekwa kupimwa moyo, na Alhamdulillahi uko salama. Siku za Ijumaa, akitoka msikitini, hupita kwa shangazi yake na hula huko. Wiki ya kwanza aliporudia desturi hiyo, mtu wa mtaani alimwuliza kama haogopi. Akamjibu kwamba anaogopa kuchelewa, samaki wakaisha.

Tunamuomba Allah amrehemu mtoto wetu, amjaalie kuwa kitangulizi chetu na shufaa yetu. Awaponye watoto wa Kiislamu na watoto wote wanaoumwa, awape madaktari wetu elimu yenye manufaa, na azisafishe nyoyo zetu na dhana mbaya juu ya jamaa zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.